Mstari Uliopinda

Tulimzika kaka yangu Boay asubuhi yenye ukungu, katikati ya shamba lake la mahindi kule Tumati, mahali alipopachagua mwenyewe. Habari za kifo chake zilinitafuta kwa siku kadhaa, kwa sababu mimi si mtu wa kupatikana. Zilipita Singida nikiwa nimeshaondoka, zikaenda machimboni nilikokuwa nimekaa msimu mmoja, na mwishoni zikanikuta kando ya Ziwa Eyasi kwa wauza vitunguu. Nilifika kaburi limeshachimbwa. Baada ya maziko sisi wazee tuliingizwa sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, tukapewa chai ya maziwa na sahani za makande, na mazungumzo yakaanza polepole, kama moto wa kuni mbichi. Kila mtu alikuwa na Boay wake. Mchungaji alikuwa na Boay wa kwaya. Jirani alikuwa na Boay aliyemsaidia kumtoa ng'ombe korongoni. Kisha akasema Mzee Hotay, aliyefanya naye kazi kwenye mashamba ya ngano ya serikali, miaka ile mashamba yale yalipokuwa bado na matrekta.

"Nisiseme uongo," alisema Mzee Hotay, akiweka kikombe chini. "Huyu mtu alikuwa analima kama amepigiwa kamba. Unasimama huku, unatazama mstari wake mpaka macho yanachoka, haukwenda kulia, haukwenda kushoto. Isipokuwa sehemu moja. Akifika pale, anapinda! Msimamizi anapiga kelele, we Boay, umelewa asubuhi yote hii? Yeye kimya. Msimu unaofuata, anapinda tena. Mpaka wanafunga shamba, anapinda tu."

Watu walicheka kile kicheko cha msibani, kinachoanza mdomoni na kuishia hapo hapo. "Labda alikuwa anaonja kidogo," alisema mmoja. "Boay aonje?" akajibu mwingine. "Yule hata togwa alikuwa anainusa kwanza." Shemeji yangu, mjane wa Boay, alikuwa mlangoni na birika. Aliniangalia. Alikuwa ameishi na mtu yule maisha yake yote ya utu uzima, na niliona usoni mwake kwamba hakujua. Katika chumba kile mimi peke yangu nilijua, na chai yangu ilipoa mkononi wakati mawazo yangu yakirudi kwenye mwaka nilioacha shule.

Niliacha shule darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza na sikuwa mjinga. Niliona tu kwamba mwalimu ana majibu machache kuliko maswali yangu, na dirisha la darasa lilikuwa linatazama barabara. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, hakunichapa. Alinipa jembe, na alipoona jembe nalo linanishinda kwa sababu nilikuwa naliacha katikati ya shamba kwenda kuuliza wapita njia wanatoka wapi, alisema sentensi moja wakati wa chakula: "Aliyekataa kalamu na jembe, tutamjaribu na bunduki." Ndivyo nilivyojua kwamba safari ya kuwinda iliyokuwa ikizungumzwa nyumbani tangu Boay aanze kazi kwenye ngano, ingekuwa ya kwangu. Boay alikuwa amesema swala wamejaa kule kwenye mabua baada ya mavuno. Baba alikuwa na bunduki ya risasi moja moja, kitako chake kimefungwa waya, na macho yake yalikuwa yameanza kuona vitu vya mbali kama viko ndani ya maji. Mimi nilikuwa na macho mazuri. Mfanyabiashara mmoja wa Dongobesh akatuazima Landrova yake kuukuu kwa ahadi ya paja la nyama.

Jambo ambalo hakuna aliyelitegemea ni kwamba Mama naye alisema anakuja. Mama alikuwa mgonjwa mwaka ule. Miguu ilivimba, na akipanda kutoka kisimani alikuwa anasimama mara nyingi na kujifanya anatazama mazao ya watu. Baba alimwambia kuwinda si kazi ya wanawake. Mama akajibu kwamba kula nyama ni kazi ya kila mtu, na yeye anataka kuila ikiwa bado ina joto. Boay alicheka, na asubuhi ya safari tulimkuta ameshakaa nyuma ya Landrova, juu ya gunia, amejifunga shuka mbili kwa ajili ya baridi ya kwetu. Miguuni alikuwa na mzigo wa majani mabichi, yamekatwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya mgomba.

Tulikwenda kwanza Mbulu mjini, kwenye ofisi ya wanyamapori, Baba akapata kibali cha swala mmoja. Wakati yeye na Boay wako ndani, mimi nilibaki nyuma na Mama. Siwezi kukaa karibu na kitu nisichokielewa bila kuuliza.

"Mama, tunakwenda kuwinda au kulisha?"

"Kwa nini?"

"Haya majani."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima kama mtungi unavuja. Mama alizaliwa kwa Wabarbaig, wafugaji wa mbuga za Basotu, akaolewa kwetu milimani na kubatizwa. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akizungumzia huko isipokuwa alipokuwa anakamua. Siku ile, mbele ya ofisi ya serikali, watu wakipita na karatasi zao, aliniambia kwamba baba yake amezikwa kwenye mbuga ile. Alikuwa mtu mkubwa, na mtu mkubwa kwao hazikwi kama mbegu tu. Hujengewa bung'eda, kilima cha miti na udongo kirefu kuliko mtu, na ukoo wote hukusanyika kukijenga, kwa miezi. Yeye alikuwa msichana alipobeba udongo wa kilima kile kwa mikono yake. Tangu aolewe hakuwahi kurudi. Sasa mbuga ilikuwa imelimwa yote, na alikuwa amesikia wanawake sokoni wakisema makaburi mengine hayaonekani tena. "Nataka kumwona kabla sijashindwa kupanda gari," alisema. "Na kwetu mtoto haendi kwa baba yake mikono mitupu. Anakwenda na majani mabichi. Kiangazi hiki, kule chini hakuna jani. Haya nimekata kisimani kwetu."

Nikamwuliza kwa nini asiwaambie wengine.

"Baba yako atasema ni mizimu. Itabidi aseme, ni mzee wa kanisa. Na kaka yako..." Alirekebisha shuka. "Nani anaendesha trekta kule, Qamara?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukosa swali lingine.

Tuliteremka ukingo wa bonde la ufa kwenye vumbi, Boay akiimba nyimbo za kwaya na kugonga usukani, na jioni tukafika Nangwa kwa Mzee Lohay, ndugu wa Baba. Nimelala kwenye nyumba nyingi tangu hapo, za bati, za turubai, hata ndani ya kontena, lakini ile ya Mzee Lohay naikumbuka kama nimetoka jana. Ilikuwa ya miti na udongo, paa la chini, giza lenye harufu ya moshi na maziwa, na upande mmoja, nyuma ya fito, alilala ndama. Kiangazi kilikuwa kimekaza na ndama yule alikuwa mifupa. Tulisema shikamoo zetu zote, tukala ugali wa mtama na mlenda, na mke wa Mzee Lohay akaomba radhi kwa sababu maziwa yalikuwa kidogo. "Ng'ombe hana cha kula," alisema. "Tunamkamua huruma." Wazee waliongea habari za mvua, na za Wabarbaig wanaohamia mbali na mifugo yao kwa sababu malisho yamekuwa ngano. Mama alisikiliza akiangalia chini, akisugua goti lake lililovimba.

Kulipoanza kupambazuka niliamshwa na sauti ya kutafuna. Ilikuwa sauti ya raha sana, ya taratibu, ya mnyama ambaye hakuitarajia bahati hiyo. Nikageuka. Mama alikuwa ameshaamka, ameketi, anatazama fito. Ndama alikuwa anakula majani ya Mama, na Baba alikuwa amesimama pembeni na ile kamba ya mgomba mkononi, uso wake una furaha ambayo sikuizoea. Yeyote wa kwetu milimani angemwelewa. Sisi tunakata majani na kuyabeba kichwani maisha yetu yote. Kwetu hakuna mtu mwenye akili anayelala nyumba moja na ndama mwenye njaa na mzigo wa majani bila kuvikutanisha, na kiangazi hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo kwa aliyekulaza. Mke wa Mzee Lohay alikuwa anapiga makofi polepole kwa shukrani. "Mungu awabariki, shemeji. Mlibeba majani kutoka Mbulu kwa ajili yetu!"

"Ni mke wangu aliyefikiria," Baba alisema.

Wote wakamgeukia Mama. Nilifungua mdomo. Mama akanitazama nikaufunga. Kitu kilichoingia kinywani mwa ndama wa mwenyeji hakitolewi. "Ale," alisema. "Ale akue."

Kutoka Katesh kwenda Basotu nchi inafunguka, na mtu wa milimani anaiona kama kosa, kama vile aliyeumba alisahau kitu. Mwaka ule ilikuwa imefunguka zaidi. Mabua ya ngano yalikwenda mpaka kwenye anga, ya rangi moja, na matuta ya trekta yamenyooka kama mistari ya daftari nililoliacha shuleni. Boay alisimamisha gari ili tutazame. Alikuwa na fahari, na leo sioni kwa nini asingekuwa nayo. "Hii yote kuanzia pale, ni mkono wangu," alisema. "Ukipata mahali palipopinda, nikate sikio." Baba alipiga mluzi. Mama alishuka garini kwa shida, akashika mlango, akazunguka taratibu akitafuta. Hakukuwa na njia aliyoijua, hakukuwa na mti. Njia za ng'ombe, visima, mipaka ya maboma, vyote vilikuwa vimelimwa. Ndipo nilipomwona akiinua uso na kutazama kitu pekee ambacho trekta haliwezi kulima. Alitazama mlima Hanang.

Mchana wote alituongoza kwa mlima. "Nenda upande ule," alikuwa anasema, "mpaka bega lile lijifiche." Kisha, "Rudi kidogo. Ziwa liwe mkono wa kulia." Baba alidhani anafuata swala. "Angalieni mwindaji mpya!" alisema, na Boay akasema kumbe bunduki tungempa Mama na sisi tukabaki nyumbani kusonga ugali. Tuliona swala mara mbili, kundi dogo likienda mbio na mikia yao isiyotulia, na mara zote mbili Mama alisema twende mbele. Mara ya pili Baba hakucheka. Kibali kilikuwa cha siku ile, petroli ilikuwa inapungua, na Mama alikuwa anapumua kwa mdomo. Mimi nilikaa na bunduki magotini, nikiwa na macho mazuri kuliko wote, na nilikuwa nimeacha kabisa kutafuta swala.

Kwa hiyo ni mimi niliyepaona. Katikati ya mabua kulikuwa na kitu kama mgongo wa mnyama aliyelala, kilima cha chini kilichoota kichaka cha miiba, mahali pekee pasipolimwa katika mbuga nzima. Na kwa sababu palikuwa pekee, swala walikuwepo hapo, wamejilaza kwenye kivuli. Dume mmoja alikuwa amesimama juu kabisa, mstari wake mweusi ubavuni unaonekana wazi, akitazama upande wetu. Boay alizima injini. Nikashuka, nikaegemeza bunduki juu ya boneti. Mama alikuja nyuma yangu. Nilimsikia akishusha pumzi ndefu, kisha mkono wake ukatua begani kwangu.

"Piga," Baba alinong'ona.

"Si pale," Mama alisema. "Ngoja ashuke."

"Akishuka atakimbia. Piga, Qamara!"

"Dogo, piga, amekaa vizuri," Boay alisema. "Anakungoja wewe."

"Ngoja ashuke, mwanangu."

Baba hakuwa mtu wa kurudia neno, lakini alirudia, na safari hii kwa sauti ambayo sikuwahi kuikataa. Jasho liliniingia jichoni. Nilikuwa nimeshindwa shule na nimeshindwa jembe, na wanaume wote wawili wa nyumba yetu walikuwa wanasubiri nishindwe la tatu. Mkono wa Mama haukunibana. Ulikaa tu. Nikangoja. Dume alikwaruza udongo kwa kwato, akageuka, akateremka taratibu upande wa ziwa kama mtu anayetoka barazani kwake, akafika kwenye mabua. Hapo nikafyatua. Alianguka palepale, na wengine wakatawanyika kama mbegu zilizorushwa.

Baba alinipiga mgongoni. Boay alikuwa anakimbia na kisu. Lakini Mama alimpita swala bila kumtazama, akapanda kile kilima kwa mikono na magoti, akaketi. Alisema maneno kwa lugha ambayo hatukuwahi kufundishwa. Boay alisimama. Alitazama chini, pale kilima kinapokutana na mabua, na mimi nikaona anachokiona. Visahani vya plau vilikuwa vimekikata ubavuni, kipande kwa kipande, msimu baada ya msimu, na miti ya zamani ilikuwa imechomoza kwenye udongo kama mbavu.

"Nilipita hapa," alisema. "Mwaka jana nilipita hapa. Nilidhani ni kichuguu." Akamtazama Mama. "Mama, ni nani?"

"Ni babu yako."

Upepo wa kule hauna kitu cha kuuzuia. Baba alivua kofia yake. Nilidhani atasema habari za mizimu, kama Mama alivyotabiri, lakini alisema, "Ungeniambia."

"Ungekuja?"

Uso wa Baba ukabadilika, nikajua amefika mahali nilipokuwa tangu alfajiri. "Yale majani," alisema. Akaketi kwenye bampa la gari, na nikamwona mzee kwa mara ya kwanza. Alitazama huku na huku kwenye mabua yale makavu, mtu aliyekata majani maisha yake yote, akitafuta jani moja la kijani. Hakukuwa na hata moja. Mama alikuwa ameketi juu ya baba yake, viganja vimefunguka juu ya magoti, vitupu.

Siwezi kusema wazo lilitoka wapi. Boay alikuwa amemgeuza swala ili ampasue, na mimi nilipiga magoti kumsaidia kwa sababu nilikuwa sijawahi kuona ndani ya swala. Tumbo lilipofunguka, lilikuwa limejaa majani. Kijani kibichi, chenye unyevu, kinachotoa mvuke. Kumbe walikuwa wanashuka kando ya ziwa, kwenye unyevunyevu, punje zilizodondoka wakati wa kuvuna zilikochipua. Niliita, "Mama!" Sikuwa na neno lingine. Alikuja. Sijui kama ni desturi ya kwao, sikuiona tena popote, na nimepita kwa watu wengi. Alichota kwa mikono yote miwili.

"Mama," Boay alisema kwa sauti ndogo, "hiyo ni ngano."

"Ilikuwa ngano," Mama alisema. "Mnyama ameshaila. Sasa ni majani."

Akapaka ubavu wa kilima, palipokatwa. Alipochoka alimwita Boay, na Boay akachota na kupaka, dereva yule na ovaroli yake, akiziba kila jeraha la plau kwa kiganja. Kisha mimi. Na mwisho, bila kuitwa, akaja Baba.

Tulirudi Tumati na nyama, paja likaenda Dongobesh kama tulivyoahidi, na Mama aliila nyama ikiwa imeshapoa, akasema ni tamu. Hakupanda gari tena. Lakini mwaka ule wote, kila Boay alipokuja likizo, kabla hajavua viatu, kabla ya chai, Mama alimwuliza kutoka kitandani, "Bado unapinda?" Naye alijibu, "Napinda, mama." Wageni walidhani ni utani wa nyumbani. Mvua zilipoanza nilikwenda kumtembelea Boay kule shambani, nikapanda naye kwenye trekta. Mstari ulikuja umenyooka kutoka upeo wa macho, na tukakikaribia kile kichaka cha miiba. Aligeuza usukani, tukazunguka mbali, akarudi kwenye mstari wake. Mbali sana nilimwona msimamizi akitupungia mikono kwa hasira. Mwezi uliofuata Mama alifariki. Muda mfupi baadaye mimi niliondoka nyumbani, na sijakaa mahali tangu hapo. Watu huniuliza natafuta nini. Nafikiri nimekuwa nikiwahi kuuliza, kila mahali, nani amelala hapa, kabla hapajanyooshwa.

Chai yangu ilikuwa imeshika utando. Mzee Hotay alikuwa ameshaingia hadithi nyingine. Nilimfuata shemeji jikoni nikamweleza yote, taratibu, huku akikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Alilia, kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nawaambia watu ni macho yake."

Jioni nilitoka na Emanueli, mtoto wa kwanza wa Boay, kutazama kaburi. Maua ya plastiki yalikuwa juu ya udongo mwekundu, na ng'ombe wawili wa kulimia walikuwa wamefungwa karibu, wakicheua. Emanueli alitazama shamba kutoka mwisho hadi mwisho, kama mkulima anavyotazama. Kaburi lilikuwa katikati kabisa.

"Baba mdogo," alisema, "sijui Baba aliwaza nini kuchagua hapa. Ng'ombe wamezoea kwenda moja kwa moja. Mvua zikija nitalimaje?"

Nilimshika bega.

"Utapinda," nikamwambia.